Hita ya Chini ya Ngazi

Nyumba ya serikali ilitoka miaka mitatu baada ya Khatun kuzikwa. Maombi walikuwa wameyapeleka pamoja, yeye na mumewe Marhun, wakati binti yao Rabab bado ananyonya. Sasa Rabab mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Karani alimsukumia Marhun karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, pa mume na pa mke. Marhun akasema mke hayupo. Karani, macho kwenye kompyuta, akamwambia si neno, aje naye kesho. Ikabidi Marhun aeleze kwamba na kesho pia hatakuwepo.

Basi akahamia peke yake, mwezi wa Julai, mwezi ambao hapa Bahrain hata paka hatembei mchana. Alitoka Sanabis, kwenye nyumba ya ukoo ambamo kaka zake watatu, wake zao na watoto wao walipigana vikumbo kwenye ngazi, akaingia nyumba ya ghorofa yenye vyumba vinne vya kulala, katika mji mpya uliojengwa juu ya mchanga uliomwagwa baharini. Barabara ilikuwa haijapewa jina. Nyumba ya kulia tupu, ya kushoto tupu, ya mbele ina pazia moja dirishani na aliyelitundika hajaonekana. Kule Sanabis alikuwa akilalamika kwamba mtu hawezi kupiga chafya bila watu watano kumwombea rehema. Huku alipiga chafya siku ya kwanza, ikamrudia kutoka vyumba vya juu. Ilimuuma kuliko alivyotazamia, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku hiyohiyo alijiunguza. Tangi la maji liko juu ya paa, jua linalipika tangu alfajiri, na ukifungua koki ya buluu baada ya adhuhuri yanatoka maji ya kunyonyolea kuku. Hilo si geni, na dawa yake kila mwenyeji anaijua: ikifika Mei unazima hita. Hita imo ndani ya nyumba, kwenye ubaridi wa kiyoyozi, kwa hiyo ikizimwa inageuka mtungi. Maji ya paani yanaingia humo, yanapumzika, yanapoa. Kiangazi kizima koki nyekundu ndiyo ya baridi na ya buluu ndiyo ya moto, na mgeni ambaye hakuambiwa anajifunza kwa ngozi yake. Marhun aliyajua yote hayo. Lakini katika nyumba hii mpya koki nyekundu ilichoma na ya buluu ilichoma, na yeye akabaki amesimama katikati ya bafu na povu kichwani, akimtukana fundi asiyemjua.

Kwa kweli hakuwahi kuzima hita maishani mwake. Khatun ndiye aliyekuwa akizima. Siku moja ya Mei angepita sebuleni akijifuta mikono na kusema nimeshazima, na Marhun angeitikia bila kuinua kichwa. Ndiyo ilikuwa kazi yake yote katika jambo hilo.

Sasa, mzee mmoja kujiunguza si habari. Habari ni Rabab. Hapa kwetu binti akizaa mtoto wa kwanza hurudi kwa mama yake siku arobaini. Mama humpikia, humnywesha uwatu, humwogesha kwa maji ya moto, humpokea mtoto usiku ili mzazi apate usingizi. Mama wa Rabab alikuwa kaburini, na mama mkwe wake, mama yake Mahdi, alikwisha kuandaa chumba kwake, pamoja na godoro jipya. Hakuna aliyekuwa amemwuliza Marhun. Si kwa ubaya; hakuna aliyefikiri kwamba mwanamume aliyefiwa na mke ana pa kumpokelea mzazi. Lakini Marhun alikuwa amefikiri. Tangu apewe funguo hakufikiri kingine. Chumba cha chini, kilicho jirani na bafu, alikipaka rangi kwa mkono wake, akanunua kitanda, akanunua na beseni la mtoto, la kijani, akalirudisha dukani na kuchukua kubwa zaidi. Alizitaka zile siku arobaini kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Nyumba ilikuwa imechelewa kwa mke. Aliapa haitachelewa kwa mjukuu.

Alipompigia simu Rabab na kumweleza, binti alimshukuru kwanza. Kisha akasema atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuiona nyumba, halafu wataona. Marhun aliijua hiyo "tutaona". Rabab aliirithi kwa mama yake, na kwa mama yake ilikuwa ni hapana iliyovaa nguo za kutokea.

Alikuwa na siku nane, basi, na maji yanayochoma mtu mzima, sembuse mtoto mchanga.

Alianzia ukutani. Nje ya mlango wa bafu palikuwa na swichi tatu, sura moja, bila maandishi. Ya kwanza iliwasha taa. Ya pili ilizungusha feni ya kutolea mvuke. Ya tatu haikufanya chochote ambacho binadamu anaweza kukiona, kwa hiyo Marhun akaamua hiyo ndiyo ya hita, akaizima, akangoja siku mbili. Maji yakaendelea kuchoma. Akaiwasha, akangoja. Yakachoma vilevile. Alipolifungua kabati la chini ya ngazi akaiona hita yenyewe, pipa jeupe lenye tumbo, na taa yake nyekundu inawaka bila kujali swichi gani iko juu na gani iko chini.

Hapo mtu mwingine angemwita fundi. Marhun alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha kusafisha mafuta, zamu ya mchana na zamu ya usiku, akifungua na kufunga mabomba ambayo likipasuka moja mtaa mzima unahama. Mitambo mikubwa kama misikiti ilikuwa ikimtii. Amwite fundi kwa ajili ya pipa la maji ya kuoga? Angeoga kwa mchanga kwanza.

Kulikuwa na kitabu cha maelezo, kimefungwa kwa kamba kwenye bomba, kurasa sitini, lugha sita, na hata moja haikuwa yake. Akavaa miwani, akakaa sakafuni mbele ya kabati na kikombe cha chai, akasoma picha. Alizungumza nacho kile kitabu. Alikiuliza maswali, akakisuta, mara moja akakiomba radhi. Siku hiyo nzima hakuongea na mtu mwingine, isipokuwa Biju.

Biju alikuwa mwenye duka la pekee lililofunguliwa katika mji ule, Mhindi wa Kerala mwenye maneno machache yaliyonyooka. Marhun alikuwa akinunua kwake kitu kimoja kimoja: asubuhi mkate, adhuhuri maziwa, alasiri kiberiti. Biju aliligundua hilo siku ya tatu tu. "Haji, nikupe na chumvi kabisa," alimwuliza siku moja, "au utaifuata kesho?" Marhun akajibu kwamba daktari amemshauri atembee. Biju akamvutia kiti, na tangu siku hiyo kiti kikawa hakiondolewi.

Siku ya tano Marhun aliikuta. Upande wa chini wa hita palikuwa na kitufe cha kuzungusha, na pembeni yake michoro midogo ambayo alikuwa ameidharau. Jua moja. Majua mawili. Na mwisho kabisa, upande wa kushoto, nyota yenye miguu sita ambayo kila mtoto wa Bahrain anaijua kabla ya kujua herufi: theluji. Iko kwenye mlango wa friji na iko kwenye rimoti ya kiyoyozi. Ukiibonyeza, nyumba inapoa. Marhun hajawahi kuiona theluji yenyewe na hana haja nayo. Alama yake inamtosha. Akacheka peke yake pale sakafuni. Kumbe hita za siku hizi zinapooza pia. Akazungusha kitufe mpaka kwenye theluji, taa nyekundu ikazimika, akaenda kulala kama mtu aliyeoza binti.

Na ukitaka kujua jinsi dunia inavyompa mtu kichwa, maji yalipoa. Si siku hiyo, wala ya pili yake. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Alhamisi, alifungua koki nyekundu, akakinga mkono, yakatoka maji matulivu, mazuri, ya kukufanya ufumbe macho. Alikinga kikombe kimoja tu, akafunga upesi. Alikwisha kuelewa kwamba kila ndoo anayoichota, ya paani inaingia mahali pake na kuharibu kazi ya siku tatu. Yote yalikuwa ya Rabab. Yeye aliendelea kuoga kwa koki ya buluu, anajimwagia kikombe, anaruka, anajimwagia kingine.

Alimhadithia Biju kwa urefu, kuhusu theluji na jinsi watengenezaji walivyofikiria nchi za joto. Biju kabla ya kufungua duka alikuwa fundi wa mahoteli kwa miaka saba. Alifungua mdomo, akamtazama mzee alivyokaa wima kwenye kile kiti, akaufunga. "Hongera, Haji," akasema, na akampa kashata bure.

Alimpigia na Rabab, kumwandalia habari. Rabab alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hita inapooza maji," alirudia pole pole.

"Ina theluji, mama. Utaona mwenyewe."

"Baba, unalala vizuri siku hizi?"

Marhun akasema analala kama kawaida, akakata simu akiwa na furaha. Alikuwa akiwasha kiyoyozi cha ukumbini ndipo alipoelewa kwa nini binti yake aliuliza swali lile kwa sauti ile. Alisimama na rimoti mkononi. Rabab alidhani akili ya baba yake imeanza kutoka. Na nani angempeleka mtoto mchanga kwa mzee wa namna hiyo?

Ijumaa Mahdi alimshusha Rabab mlangoni saa kumi akaenda kumsalimia rafiki, akaahidi kurudi baada ya nusu saa. Rabab aliingia akihema, mkono kiunoni, baibui limepanda mbele kwa tumbo. Alitembezwa. Alikiona chumba, rangi, kitanda, akapitisha kidole kwenye ukingo wa lile beseni kubwa. Alisifu kila kitu kwa sauti ya mgeni, na kila alipokuwa akisifu Marhun alizidi kuingiwa na hofu. Mwisho wakafika bafuni, naye akaona wakati wake umewadia.

Akaeleza kwa vitendo, kama alivyokuwa akiwafundisha vijana wapya kiwandani. Hii ya buluu, ya moto, ni yako wewe mzazi, maana mzazi haogi baridi. Hii nyekundu, poa, ni ya mtoto. Mnaoga pamoja, kila mtu na koki yake. Akafungua ile nyekundu juu ya beseni na kusogea nyuma.

Rabab alikinga mkono. Alimtazama baba yake, akayatazama maji, mabega yakaanza kumtetemeka. Marhun akadhani analia. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akashika na tumbo, akasema subiri, Baba, utanizalisha humu humu.

Akamweleza. Alikwisha kumwuliza Mahdi. Ile alama ni ya nchi za baridi, ambako maji yanaganda ndani ya mabomba. Ukiiweka pale hita inangoja baridi ya kuua ndipo iamke kidogo. Hapa Bahrain itangoja mpaka kiama.

"Kwa hiyo haipoozi?" Marhun aliuliza.

"Haifanyi chochote, Baba. Umeizima, basi. Kama Mama alivyokuwa akifanya."

"Mashine imelala, na mimi nazunguka mji mzima najisifu."

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia Biju."

Wakacheka wote wawili, na kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika katika nyumba ile. Rabab alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alikiri kwamba usiku wa jana hakulala, alidhani akili imemruka baba yake. Marhun akasema haijaruka, ila inapiga chafya yenyewe na kujiombea rehema yenyewe. Alisema kwa utani, lakini Rabab aliacha kucheka.

"Baba," alisema, "nani atanimwagia maji?"

Swali hilo Marhun alilitarajia. Baba hamwogeshi binti yake, hilo halina mjadala. Alisema amezungumza na bibi mmoja wa Sanabis, mzoefu, aliyewashika wazazi wote wa mtaa. Rabab alimjua huyo bibi. Alikuwa na miaka sabini na minane, na yeye ndiye angehitaji kumwagiwa. Marhun akasema basi atatafuta mwingine, wapo, atatangaza, atalipa. Alikuwa akisema haraka haraka, na alijisikia akisema haraka haraka.

Rabab hakubishana naye. Alikunja mkono wa baibui, akainama kwa shida juu ya beseni, akatumbukiza kiwiko.

"Haya ni baridi kwa mtoto mchanga. Atalia mpaka abadilike rangi."

Marhun akatia vidole. "Mbona mimi nayaona sawasawa?"

"Vidole vyako vimekufa kwa kazi, Baba. Mtoto anapimiwa kwa kiwiko."

Akaushika mkono wa baba yake, akapandisha mkono wa kanzu mwenyewe, akauteremsha kwenye maji mpaka kiwiko kikazama. Na kweli, kiwiko kikasema kile ambacho vidole havikukisema. Rabab akafungua koki ya buluu, uzi mwembamba tu, akayakoroga kwa mkono wake ulio huru. Ubaridi ukalegea. Akangoja, akaongeza, akafunga.

"Hapo. Usipolisikia joto wala baridi, ni hapo. Na kichwa cha mtoto kinakaa huku, kwenye kifundo cha mkono wako, si kwenye kiganja, ili asiteleze."

Aliyasema kwa uhakika, kama aliyeogesha watoto kumi. Marhun alikuwa ameinama, mkono majini, uso karibu na wa binti yake. Khatun alikufa wakati Rabab hajaolewa, na mambo kama haya huwezi kumfundisha msichana ambaye hajaolewa.

"Nani kakufundisha?"

Rabab aliyakoroga tena maji. "Mama yake Mahdi," akasema kwa sauti ndogo. "Kila jioni ananiweka jikoni na mdoli."

Marhun aliyatazama maji. Siku zote hizo alikuwa amedhani kilichopungua katika nyumba hii ni maji ya kiasi. Alikuwa ameyapata, hata kama kwa ujinga, na hayakutosha, kwa sababu mtoto haogeshwi na koki. Mahali fulani kulikuwa na mwanamke aliyekaa jikoni na binti yake kila jioni, akimpa kwa uvumilivu kile ambacho Khatun hakuwahi kupata nafasi ya kumpa. Alitaka kumwonea wivu mwanamke huyo, akashindwa.

"Kaa kwake, mama," alisema.

"Baba, mimi sijasema—"

"Hujasema. Nasema mimi. Kaa kwake siku zote arobaini. Kazi anaijua."

Rabab aliketi ukingoni mwa bafu na kulia, safari hii kweli, mikono juu ya tumbo. Marhun hakujua amshike wapi, mkono mmoja umelowa na mwingine umeshika beseni, kwa hiyo alibaki vile vile alivyoinama. Alitaka kumwambia kwamba yeye hana shida, msikiti si mbali, chumba kitangoja. Hata neno moja katika hayo halikuwa kweli, akayaacha.

"Na wewe?" Rabab aliuliza.

"Mimi nipo hapa. Mkitoka arobaini mje."

"Tutakuja. Wallahi tutakuja, Baba."

Nje honi ya Mahdi ililia, fupi, ya adabu. Nusu saa ilikuwa imekwisha. Rabab akajifuta uso, akaanza kushusha mkono wa baibui, akashika ukuta ili ainuke.

"Sijaelewa vizuri," Marhun alisema. "Nionyeshe tena."

Alikuwa ameelewa. Alikuwa mtu wa kuonyeshwa bomba mara moja asilisahau miaka thelathini. Rabab alimtazama, na bila shaka alilijua hilo. Akaketi tena, akapandisha mkono wa baibui, akayamwaga yale maji yote na kuanza upya.